Ufuo Unaosogea: Maji, Samaki na Mifugo Katika Turkana ya Kale

Utangulizi

Neno jangwa, jinsi linavyotumiwa katika mazungumzo na hata katika fasihi ya Kiswahili, hubeba dhana ya utupu. Jangwa ni mahali pasipo maji, pasipo mimea na, kwa fikira za wengi, pasipo historia. Maeneo ya kaskazini mwa Kenya yametwikwa dhana hii kwa muda mrefu. Msomaji wa magazeti hukutana na Turkana kupitia mambo mawili: ukame na wizi wa mifugo. Mara nyingi jambo la kwanza hutolewa kuwa sababu ya la pili. Maji yamepungua, kwa hivyo watu wanapigana. Kauli hii huonekana kujitosheleza, na ndiyo sababu inastahili kupimwa kwa kipimo kirefu kuliko mwaka mmoja wa kiangazi au karne moja ya utawala.

Kipimo hicho kipo ardhini. Mbali na ufuo wa sasa wa Ziwa Turkana, kwenye miinuko ambako leo hamna ila kokoto na miiba, kumetapakaa makombe ya chaza wa maji matamu, mifupa ya samaki wakubwa na vipande vya vyungu. Ziwa lilifika huko, na watu waliishi kandokando yake. Makala haya yanafafanua jinsi watu hao, kati ya miaka 10,000 na 3,000 hivi iliyopita, walivyoyapokea maji yalipojaa na jinsi walivyoishi nayo yalipoondoka. Itabainika kwamba ushahidi uliopatikana haukubaliani na kauli iliyotajwa hapo juu. Dalili za umwagaji damu zinazojulikana zaidi katika bonde hili ni za wakati wa neema ya maji, ilhali kazi kubwa kabisa ya ushirikiano ilifanywa wakati ziwa likirudi nyuma.

Ziwa lililofurika hadi Nile

Dunia inapolizunguka jua, mhimili wake huyumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka. Myumbo huo hubadilisha msimu ambao dunia huwa karibu zaidi na jua, na mzunguko wake mmoja huchukua kati ya miaka 19,000 na 23,000. Miaka 10,000 hivi iliyopita, nusu ya kaskazini ya dunia ilikuwa ikipokea jua kali zaidi wakati wa majira yake ya joto kuliko inavyopokea leo. Ardhi ya Afrika ilipata joto, hewa yake ikapanda, na pepo za msimu zikavutwa kutoka baharini zikiwa zimesheheni mvua hadi ndani kabisa ya bara. Sahara ikaota nyasi na kujaa maziwa. Kipindi hiki cha unyevu kilianza takriban miaka 15,000 iliyopita, kikakatizwa na ukame wa karne kadhaa, kikarejea kwa nguvu yapata miaka 11,500 iliyopita na kuanza kufifia miaka 5,500 hivi iliyopita.

Katika Turkana matokeo yake yalikuwa makubwa kiasi cha kustaajabisha. Uso wa ziwa ulipanda takriban mita 90 juu ya ulipo siku hizi. Bonde la Suguta, mojawapo ya sehemu zenye joto kali zaidi nchini Kenya, lilikuwa ziwa lenye kina kirefu ambalo maji yake yalimiminikia Turkana. Maji ya Chew Bahir, upande wa Ethiopia, yalifanya vivyo hivyo. Turkana nayo ilipojaa hadi ukingoni ilipata mlango upande wa kaskazini magharibi, ikafurika kupitia uwanda wa Lotikipi na kuungana na mfumo wa mto Nile. Mwanafunzi anayejiuliza sangara na mamba wa Nile walifikaje katika ziwa lisilo na mto wa kutokea atapata jibu katika miungano ya namna hii, iliyotokea zaidi ya mara moja.

Leo mlango huo umefungwa. Ziwa hupokea sehemu kubwa ya maji yake kutoka mto mmoja tu, Omo, unaotoka katika nyanda za juu za Ethiopia. Mvua inayonyesha ufuoni kwa kawaida haifiki milimita 250 kwa mwaka, na jua hufyonza zaidi ya mita mbili za maji kutoka uso wa ziwa kila mwaka. Maji yasipotoka kwa njia nyingine ila kwa kuvukizwa, chumvi hubaki. Ndiyo maana maji ya Turkana ni ya magadi. Aidha, kwa kuwa ufuo ni tambarare mahali pengi, badiliko la mita chache tu huusogeza kwa kilomita kadhaa. Jambo hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kwa mtu wa ufuoni, mabadiliko ya tabianchi hayakuwa suala la vipimo vya mvua. Yalikuwa swali la iwapo mjukuu angevua mahali alipovua babu yake.

Watu wa chusa

Kiswahili kina neno zuri kwa chombo kilichowapa wavuvi wa kale umaarufu: chusa. Ni mkuki wa kuvulia wenye ncha iliyochongwa vijino vinavyotazama nyuma, ili samaki au kiboko akishachomwa asiweze kuchomoka. Vyusa vya Turkana vilichongwa kutokana na mifupa ya wanyama, vikawekewa mifuo kwenye shina kwa ajili ya kufungia kamba. Lawrence Robbins alivipata Lothagam, kusini magharibi mwa ziwa, katika utafiti alioufanya miaka ya 1960. David Phillipson alivipata Lowasera, upande wa mashariki, katika miaka ya 1970. Vingi vimepatikana pia katika eneo la Koobi Fora. Pamoja navyo kuna mifupa ya sangara, kambare na ngege, na ya mamba, kasa na viboko.

Uvuvi huu ulihitaji maarifa ya kina. Kambare na ngege huingia kwenye maji mafupi wakati wa kuzaana, na mvuvi mwenye subira angeweza kuwapata akiwa amesimama maji yakimfika magotini. Sangara aliyekomaa ni habari nyingine. Huyu hukaa kwenye maji yenye kina, na uzito wake unaweza kushinda wa mtu mzima. Kumpata kwa wingi kulihitaji chombo cha kuelea, kamba madhubuti na watu wanaoaminiana. Makazi ya wavuvi hawa yamefuatana na mistari ya fuo za zamani kama shanga kwenye uzi. Ziwa lilipopanda, nao walipanda. Liliposhuka kidogo, waliteremka nalo. Huko kuhama kwa hatua fupifupi, bila kuachana na maji, ndiko kulikokuwa mbinu yao ya kwanza, na kulitosha kwa maelfu ya miaka.

Vyusa vya aina hii na vyungu vyenye michoro ya mistari ya mawimbi vimepatikana katika eneo pana mno, kutoka Khartoum hadi katikati ya Sahara. Mwaka 1974 John Sutton alitoa makala mashuhuri akipendekeza kuwepo kwa ustaarabu mmoja wa majini uliotanda katikati ya Afrika, na akauhusisha na wazungumzaji wa lugha za jamii ya Nilo-Sahara. Wazo hili lilikuwa na faida kubwa, kwani liliwalazimisha wataalamu kuacha kuwadhania wavuvi kuwa watu wa pembezoni waliosubiri kufundishwa kilimo. Hata hivyo, wengi sasa wanaona kwamba jamii mbalimbali zilikabiliwa na maji ya aina moja zikabuni au zikaigana vyombo vya aina moja. Kwa wanaisimu somo hapa ni dhahiri: chusa hakina lugha. Mtu anaweza kuazima chombo bila kuazima jina lake, na anaweza kuazima jina bila kuhama kwao.

Damu ufuoni: suala la Nataruk

Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Marta Mirazón Lahr lilitangaza matokeo ya uchimbaji wa Nataruk, kusini magharibi mwa Turkana. Mahali hapo, panapokadiriwa kuwa na umri wa miaka 10,000 hivi, palikuwa kando ya kidimbwi kikubwa kilichoungana na ziwa. Palipatikana mabaki ya watu wasiopungua 27, wakiwemo watoto. Kati ya mifupa 12 iliyokuwa bado imeungana kama ilivyokuwa mwilini, 10 ilikuwa na alama za majeraha mabaya ya kichwa, shingo, mbavu, magoti au mikono. Mmoja wa wanawake alikuwa mja mzito. Kipande cha obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, kilikutwa kimekwama katika fuvu la mwanamume mmoja. Obsidiani si jiwe la kawaida katika sehemu hiyo, jambo lililowafanya watafiti kushuku kwamba walioshambulia walitoka mbali.

Wapo wataalamu waliopinga tafsiri hii mwaka huohuo. Walidai kwamba baadhi ya nyufa za mafuvu huenda zilisababishwa na uzito wa udongo, na kwamba haijathibitishwa kuwa watu hao walikufa siku moja. Watafiti wa awali walijibu na kushikilia kauli yao. Hata tukichukua tafsiri ya tahadhari zaidi, jiwe lililokwama katika fuvu halikuingia humo kwa uzito wa udongo. Kulikuwa na ukatili.

Jambo la kuzingatia ni wakati wake. Haukuwa wakati wa ukame. Kidimbwi kilikuwa na samaki, pembezoni mwake palikuwa na wanyama wa kuwinda, na ziwa lilikuwa kubwa kuliko leo. Waliouawa, kama kweli waliuawa kwa pamoja, walikuwa wakiishi mahali ambapo mtu yeyote wa zama zile angepatamani. Huenda ndiyo ilikuwa sababu. Penye maji mengi na chakula kisichohama ndipo panapostahili kupiganiwa. Hakuna anayevamia wangwa.

Sahara: mafunzo ya kambare

Mabadiliko haya hayakuihusu Turkana pekee, na mifano mitatu kutoka Sahara inaweza kuangaza yaliyofuata. Katika pango la Takarkori, kusini magharibi mwa Libya, mahali ambapo leo ni mawe na mchanga mtupu, watu walikula samaki kwa maelfu ya miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika tabaka za zamani zaidi, za kati ya miaka 10,200 na 8,000 iliyopita, samaki walikuwa karibu asilimia 90 ya mabaki ya wanyama. Kufikia miaka kati ya 5,900 na 4,650 iliyopita, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 40 na nafasi yao kuchukuliwa na mifugo. Lakini takwimu hizo zina jambo jingine ndani yake. Ngege walipungua haraka kuliko kambare. Kambare ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida, hivyo anaweza kuishi katika tope na vidimbwi vya maji ya moto ambamo ngege hufa. Kabla watu hawajaacha kula samaki, walianza kula samaki wa maji mabaya. Badiliko lilipitia sahanini mwao polepole, pengine bila kizazi chochote kutambua kwamba kilikuwa katikati yake.

Huko Nabta, kusini mwa Misri, yapata kilomita 100 magharibi mwa Abu Simbel, maji yalikuwa ya msimu. Mvua za kiangazi zilijaza bonde, kisha zikakauka. Wakazi wake walichimba visima vya kina, vingine vyenye njia ya kushukia, wakaweza kukaa baada ya maji ya juu kuisha. Walihifadhi pia mbegu za mtama-mwitu katika mashimo. Kwa upande mwingine, makaburi ya Gobero nchini Nijeri yanaonyesha kisa kigumu zaidi. Wavuvi na wawindaji wa mwanzo walizikwa hapo hadi mwaka 6200 K.K. hivi, kisha ziwa likakauka na kwa takriban miaka 1,000 hapakuzikwa mtu. Waliorejea maji yaliporudi walikuwa watu wengine, wenye maumbo tofauti na desturi tofauti za kuzika. Si kila mahali watu walifanikiwa kubadilika wakiwa palepale. Mahali pengine waliondoka, wasirudi.

Mifugo yawasili

Kurudi Turkana, ziwa lilianza kushuka kwa kasi takriban miaka 5,300 iliyopita. Katika muda wa karne kadhaa lilipoteza zaidi ya mita 50 za kimo chake. Mlango wa kuelekea Nile ulifungwa. Ghuba ziligeuka kuwa nyanda, visiwa vikawa vilima, na wavuvi ambao mababu zao walihama hatua fupifupi sasa walikuwa wakilifuata ziwa lililowakimbia.

Ni katika kipindi hiki ambapo mifupa ya mbuzi, kondoo na ng'ombe inaonekana kwa mara ya kwanza katika bonde hili. Mbuzi na kondoo hawana ndugu wa mwituni katika Afrika Mashariki. Asili yao ni kusini magharibi mwa Asia, na walifika Turkana wakipitia kaskazini mashariki mwa Afrika. Inaelekea walikuja na watu waliosukumwa na kukauka kwa Sahara, ingawa wenyeji nao hawakukaa wakitazama tu. Dongodien, upande wa mashariki mwa ziwa, ni mfano mzuri. Hapo mifupa ya mifugo imechanganyika na ya samaki, na vyungu ni vya mtindo wa Nderit, uliopewa jina kutokana na mahali karibu na Ziwa Nakuru. Nakshi zake za alama ndogondogo zilizopangwa kwa safu humfanya mtazamaji afikirie ususi wa kikapu. Mwenye nyumba katika Dongodien alifuga na kuvua pia. Hakuwa amesikia kwamba mvuvi na mfugaji ni watu wa sura mbili tofauti katika vitabu vya historia.

Faida ya mfugo katika nchi inayokauka haihitaji maelezo marefu kwa Mkenya yeyote. Mbuzi ni ghala lenye miguu. Hubadilisha majani ambayo binadamu hawezi kuyala kuwa maziwa, na huhamishika kwenda mvua ilikonyesha. Uchunguzi wa mabaki ya mafuta yaliyonyonywa na kuta za vyungu vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2020, umethibitisha kuwa maziwa yalikuwa miongoni mwa vyakula vyao. Hata mwili wa binadamu ulibadilika. Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba uwezo wa watu wazima wa Afrika Mashariki kumeng'enya maziwa unatokana na mabadiliko ya chembe za urithi yaliyo tofauti na yale ya Ulaya, na kwamba yalienea katika muda wa miaka 7,000 hivi iliyopita.

Hasara zake nazo zilikuwa kubwa. Samaki hafi kwa kiu ya mvuvi kukosa kumnywesha. Ng'ombe hutaka maji kila baada ya siku chache na malisho yasiyo mbali na maji hayo. Ugonjwa mmoja waweza kumaliza zizi zima kwa mwezi mmoja. Anayetegemea mifugo anahitaji watu mahali pengine watakaompa mtamba wa kuanzia upya atakapofilisika. Watu hao hawapatikani siku ya maafa. Hutafutwa mapema, kwa ndoa, kwa zawadi na kwa kukutana.

Nguzo

Hapa ndipo penye kisa kinachostahili kutuliwa. Wakati uleule ziwa likishuka, wakazi wa pande zake zote mbili walianza kujenga. Walisimamisha nguzo za mawe huko Lothagam Kaskazini, Kalokol na Manemanya upande wa magharibi, na huko Jarigole upande wa mashariki. Lothagam Kaskazini ndipo palipochunguzwa kwa makini zaidi, na kundi la Elisabeth Hildebrand ambalo lilichapisha matokeo yake mwaka 2018.

Wajenzi walianza kwa kuondoa mchanga wa ufuo wa zamani hadi wakafikia mwamba. Walizungushia eneo hilo mawe, wakatengeneza jukwaa la mviringo lenye kipenyo cha mita 30 hivi, na katikati yake wakaacha shimo lenye ukubwa wa mita za mraba 120. Humo walizika maiti wao, kwa vizazi na vizazi, wakipangana na kupandana. Inakadiriwa kuwa shimo lilipokea watu wasiopungua 580. Lilipojaa, walilifunika kwa mawe na kokoto na kuweka nguzo walizozibeba kutoka sehemu nyingine, baadhi yake umbali wa takriban kilomita moja. Kazi hiyo yote ilifanyika kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita.

Waliozikwa ni akina nani? Swali hili ndilo lililoipa Lothagam sifa duniani. Kwa muda mrefu wanaakiolojia walishikilia kwamba majengo makubwa huashiria watawala wakubwa: mfalme huamuru, watumwa hubeba mawe, na kaburi la kifahari huwa lake. Piramidi za Misri, ambazo zilijengwa karibu na zama hizohizo, ndizo zilizowatia watu mawazo hayo. Lothagam ni kinyume. Wamezikwa wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo. Kuna shanga za mawe ya rangi ya kijani kibichi, ya waridi na ya zambarau, kuna bangili na pete za meno ya kiboko, na kuna pambo moja la kichwa lililotengenezwa kwa meno 405 ya panya wadogo wa jangwani, waliohitajika wasiopungua 113. Hakuna pembe ya shimo iliyotengewa wakuu. Hakuna aliyepewa vingi ilhali jirani yake kanyimwa.

Meno hayo ya panya yanastahili kufikiriwa kwa utulivu. Mtu fulani aliwatega panya zaidi ya mia moja, akang'oa meno yao ya mbele na kuyapanga safu kwa safu, katika miaka ambayo wanahistoria wa tabianchi huieleza kuwa ya msukosuko. Watu wanaopigania tone la mwisho la maji hawana nafasi ya kazi ya namna hiyo.

Tafsiri inayotolewa na watafiti ni kwamba nguzo zilikuwa mahali pa kukutania. Wafugaji waliotawanyika wakifuata malisho mapya, pamoja na wavuvi walioachwa na ziwa, walihitaji mahali pasipohama katika nchi ambayo kila kitu kilikuwa kikihama. Ufuo ulisogea, nyasi zilisogea, bali kaburi la babu lilikaa. Waliokuja kuzika walikutana na wengine, wakapeana habari za mvua, wakaoana, wakabadilishana wanyama. Tafsiri hii haiwezi kuthibitishwa kikamilifu kwa mawe na shanga. Hata hivyo, ina uzito kuliko ile ya mfalme asiyeonekana, na inalingana na jinsi wafugaji wa nchi kavu wanavyojikinga na maafa hadi leo kwa kuweka mifugo yao kwa marafiki wa mbali.

Nguzo za Kalokol zina hadithi za ziada. Katika masimulizi ya Waturkana, nguzo hizo ni wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe kwa kumdhihaki pepo, na jina Namoratunga hurejelea watu hao wa mawe. Mwaka 1978 B. M. Lynch na Robbins walidai kuwa nguzo 19 za Kalokol zilielekezwa kwa nyota na kutumiwa kama kalenda yapata mwaka 300 K.K., wakizihusisha na kalenda ya Waborana. Dai hilo lilienea sana na bado hurudiwa. Baadaye ilibainika kwamba mawe yenyewe, kwa kuwa ni ya basalti, yanaweza kuipotosha dira iliyotumiwa kuyapima, na kwamba nguzo ni za kale kuliko tarehe hiyo kwa zaidi ya miaka 2,000. Watafiti wa fasihi simulizi wanaweza kutabasamu kidogo hapa. Kisasili cha wachezaji waliokusanyika kwa ngoma wakabaki mawe kinakaribiana na wazo la mahali pa mkutano kuliko hesabu za nyota, ingawa Waturkana walifika bondeni humo maelfu ya miaka baada ya wajenzi na hawakurithi habari hizo kutoka kwao.

Baada ya ziwa kutulia

Takriban miaka 4,000 iliyopita ziwa lilikuwa limefikia kimo cha chini na ujenzi wa nguzo ulikuwa umekoma. Sababu yake huenda ikawa rahisi: nchi mpya ilikwisha kuzoeleka. Wafugaji walijua sasa mvua hunyesha wapi na lini, wakawa hawahitaji tena mahali pa aina ile.

Baadhi ya mifugo na watu walielekea kusini, lakini kwa mwendo wa kusitasita. Kati ya kufika kwa mifugo Turkana na kuenea kwa ufugaji kamili katika Bonde la Ufa la kati, karibu na Nakuru na Naivasha, ilipita zaidi ya miaka 1,000. Diane Gifford-Gonzalez ameeleza kwamba kizuizi hakikuwa maji bali maradhi. Nyasi za kusini zilikuwa na mbung'o, kupe na nyumbu, na kila mmoja wao alikuwa na ugonjwa wake wa kuwapa ng'ombe wageni. Wafugaji walikimbia nchi yenye kiu wakabisha hodi katika nchi yenye vifo. Ilichukua vizazi vingi kujifunza malisho gani ni salama na katika mwezi gani. Kuanzia miaka 3,300 hivi iliyopita makazi yao yanaonekana kwa wingi kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania.

Wengine hawakwenda. Uvuvi uliendelea Turkana, na ni makosa kuupanga mfululizo huu kama ngazi ambayo juu yake mvuvi hupanda na kuwa mfugaji, naye mfugaji akapanda na kuwa mkulima. Katika ukame wa karne ya 20 familia nyingi za Waturkana zilizopoteza mifugo zilishuka ufuoni kuvua, na zilizoweza kununua mbuzi zilirudi kwenye ufugaji. Wael Molo wa karibu na Loiyangalani walijulikana kwa kuwachoma sangara na viboko kwa vyusa wakiwa juu ya vyelezo vya magogo ya mikoma. Lugha yao ya Kikushi imekwisha kuachwa, nafasi yake ikachukuliwa na Kisamburu, lakini uvuvi haukuachwa pamoja nayo.

Bwawa la Gibe III katika mto Omo lilipokamilika mwaka 2016, wengi walihofia kwamba ziwa lingekauka. UNESCO iliziweka hifadhi za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2018, bwawa hilo likiwa miongoni mwa sababu. Ila katika miaka iliyofuata maji yalipanda, kutokana na mvua nyingi, yakafunika malisho na makazi ya ufuoni na kuwalazimisha baadhi ya Wael Molo kuhamisha nyumba zao. Wavuvi wa Lothagam wa miaka 10,000 iliyopita wangeitambua kazi hiyo: kubomoa, kubeba, kupanda hatua chache na kujenga tena, huku ziwa likiwa bado machoni.